Chai ya mwanariadha aliyestaafu inalipwa na nani?

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo kwa gazeti lako. Wiki mbili zimepita niliona barua ya msomaji wenu mmoja, gazeti lenyewe lilinifikia likiwa limefunga mandazi na mafuta yalikuwa yameshakula jina la mwandishi, kwa hivyo sijui namjibu nani lakini yeye atajijua. Alisema mwanariadha akifilisika ajilaumu mwenyewe, ati alishika mamilioni akiwa kijana akayala na marafiki na wanawake, sasa akianza kuomba omba mbona mlipa kodi asumbuliwe, kwani mama mboga akizeeka kuna mtu humchangia? Hio karatasi sikuitupa. Niliikunja nikaiweka kwa droo ya pesa na nimeisoma kama mara nne hivi. Kuna mahali anasema ukweli na hapo ndipo iliponikera zaidi.

Mimi niko na hoteli hapa Iten. Si hoteli ya kulala, ni ya chai na ugali, meza sita na jiko la kuni huko nyuma, nilifungua 1998 na sijawahi kufunga isipokuwa ile miezi ya korona. Wateja wangu ni wakimbiaji. Si wale mnaona kwa TV, hao wakishaonekana kwa TV wanaanza kula Eldoret. Wangu ni wale wanakuja mjini na begi moja na viatu alivyoachiwa na mtu mwingine, wanalala wanne kwa chumba kimoja cha kukodi, saa kumi na mbili asubuhi wako barabarani na saa tatu wako kwangu wanataka chai vikombe viwili viwili na chapati za deni. Alhamisi ndio kazi, manake ni siku ya fatleki, yale mazoezi ya kukimbia kasi alafu polepole kwa zamu, wanarudi kundi kubwa vumbi jekundu limewapanda hadi kwa nyusi na kila mtu anaongea kwa sauti.

Kwa hivyo nina daftari. Kila mwenye hoteli hapa ako na daftari. Na mimi nakwambia mhariri, maisha ya mkimbiaji nayajua kwa daftari kuliko kwa magazeti. Anaanza na deni, ukurasa mzima jina lake, chai thelathini, ugali managu, maziwa lala, chai, chai. Siku moja anakuja na noti mpya za elfu elfu analipa yote na anasema Mama wape hawa wote, anazungusha mkono kwa meza zote sita. Baada ya hapo jina linapotea kabisa, miaka kumi hulioni. Alafu asubuhi moja mtu anaingia, anakaa ile meza ya nyuma karibu na jiko ambayo hakuna mtu hupenda kwa sababu ya moshi, na anasema polepole, Mama niandikie.

Kuna mmoja ambaye ndiye amenifanya niandike hii barua. Sitamtaja, nitamwita Kapteni kwa sababu enzi zake wenzake walikuwa wanamwita jina la aina hio. Alikimbia marathoni Ulaya karibu miaka tisa, si wa kwanza sana, wa tatu, wa nne, wa kwanza mara mbili kwa miji ambayo mimi siwezi kutamka. Saa hii ana miaka arobaini na tatu. Anavaa jaketi ya mbio moja ya huko, ile ya kupewa, zipu ilikufa zamani ameweka pini tatu, na mgongoni zile herufi za mdhamini zimebanduka zimebaki kama kivuli. Akitembea anavuta mguu wa kulia kidogo, mshipa wa kisigino. Kikombe anakishika na mikono yote miwili hata kukiwa na jua. Na hawezi kuomba chapati, anaomba chai peke yake alafu anangoja nione mwenyewe, mimi naweka chapati kwa sahani sisemi kitu na yeye hasemi kitu.

Sasa huyu ndugu wa barua anataka kujua pesa zilienda wapi. Hata mimi nilitaka kujua, na siku moja kulikuwa na mvua hakuna wateja nikamuuliza, akanieleza kama mtu anasoma risiti. Akishinda, pesa haiji kwake. Inaenda kwanza kwa meneja, meneja anatoa asilimia yake, kumi na tano ndio kawaida, na kabla ya hapo ile nchi aliyokimbilia imeshakata kodi yao, kama ni Marekani wanaweza kukata thelathini kwa mia kabla hujaona hata senti. Kisha zinatoka za ndege, za viza, za kampi ya mazoezi, za fizio wa kutibu misuli, alafu hio inabaki inatumwa kwa akaunti Eldoret, inachukua miezi mitatu, minne, wakati mwingine zaidi. Ikifika mtaa mzima umeshajua. Fii ya ndugu wawili sekondari, mjomba anataka ng'ombe wa gredi, kanisa limemuweka mgeni wa heshima wa harambee na mgeni wa heshima hawezi kutoa elfu mbili. Ploti alinunua, ndio, mbili, lakini yeye alikuwa Ujerumani na aliyeenda kwa ofisi ya ardhi ni shemeji, na taito ikatoka na jina la shemeji. Hio kesi bado iko kotini na wakili anataka pesa kila mara kesi ikitajwa.

Alafu kisigino kikakatika. Ya kwanza iliyofanyika ni kontrakti ya viatu, ilikuwa ya mwaka kwa mwaka na ndani kuna maneno kwamba usipokimbia mbio kadhaa wanapunguza, wakapunguza, Disemba ikaisha. Meneja alishika simu mara mbili, ya tatu ikawa inalia tu. Kampi wakamwambia kwa upole kabisa kwamba kuna kijana mpya anahitaji kitanda. Haya yote yalichukua miezi mitano. Pombe ilikuja baadaye, na naomba hio muisome vizuri kwa sababu kila mtu akimuona anafikiri pombe ndio ilimtoa barabarani. Mimi nilikuwa hapa. Alitoka barabarani kwanza, pombe akaipata amekaa tu.

Basi nikirudi kwa ukweli wa huyo mwandishi. Ni kweli Kapteni alikuwa mjinga na pesa. Yeye mwenyewe anasema. Lakini mjinga wa miaka ishirini na mbili, darasa la nane, kutoka kijiji ambacho barabara ilifika juzi, anapewa kwa mpigo mmoja pesa ambayo mwalimu wake hawezi kushika miaka kumi, wewe ulitaka akuwe benki? Samuel Wanjiru alituletea dhahabu ya kwanza ya Kenya kwa marathoni ya Olimpiki pale Beijing 2008, alikuwa na miaka ishirini na moja. Mei 2011 akafariki akiwa hajafika ishirini na tano na mali yake ikaingia kotini. Hio miaka mitatu hapo katikati kila mtu alikuwa na namba yake ya simu.

Na si kitu cha vijana wa siku hizi. Nilikuwa darasa la sita 1978, baba alikuwa na redio ya mbao na tulisikia jina la Henry Rono mpaka tukafikiri ni watu wanne. Mtoto wa Nandi Hills, alikuwa anasoma chuo kikuu Marekani jimbo la Washington. Aprili akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000, Mei akavunja ya kuruka viunzi na maji, Juni akavunja ya 10,000 huko Vienna na mwezi huo huo akavunja ya 3,000 kule Oslo. Rekodi nne za dunia kwa siku 81. Mwaka huo huo akaenda mashindano ya Jumuiya ya Madola Edmonton akarudi na dhahabu mbili. Olimpiki hakukimbia hata siku moja, manake 1976 serikali yetu ilisusia, na 1980 ikasusia tena. Mimi sisemi kususia kulikuwa kubaya, ile ya 1976 mambo ya Afrika Kusini yalikuwa mazito, lakini aliyelipa ile bei ni nani? Waziri alirudi kwa ofisi yake.

Rono akaingia kwa pombe. Akaishi maisha ya kuhamahama huko Marekani, akalala kwa makao ya watu hawana nyumba, akaosha magari, akabeba mizigo ya abiria pale uwanja wa ndege wa Albuquerque, mtu anamtupia sanduku na dola moja hajui ni nani huyo. Na hii ndio huwa inanishika kooni mhariri, miaka yote ile ya themanini pombe ikimla, rekodi yake ya viunzi na maji ilikuwa bado imesimama, ilivunjwa 1989, na ile ya 3,000 pia ikaanguka 1989. Mwenye rekodi mbili za dunia! Enzi hizo riadha ilikuwa ati ni ya ridhaa, pesa zilikuwa zinapitia chini ya meza kwa bahasha, na pesa ya bahasha haina pensheni wala haina bima. Baadaye sana aliacha pombe, akafundisha watoto huko, akarudi nyumbani 2019, akafariki Nairobi tarehe 15 Februari 2024 akiwa na miaka 72.

Unakumbuka hio wiki? Siku nne kabla, tarehe 11, Kelvin Kiptum alikuwa amekufa kwa ajali kule Kaptagat, yeye na kocha wake. Huyo alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago, saa 2:00:35, miezi minne tu imepita. Iten yote ilikuwa inalia, mimi sikupika siku mbili. Na serikali ikasema familia itajengewa nyumba kule Chepsamo kabla ya mazishi, na ikajengwa, siku saba, malori, mafundi wa usiku na mchana, paa, rangi, stima. Niliona ile nyumba kwa simu ya mteja nikafurahi kwa ajili ya mjane na watoto, kusema ukweli walistahili hata zaidi. Lakini nikawa najiuliza, kumbe inawezekana? Kumbe siku saba zinatosha? Hio habari ya Rono ikapita katikati hapo kama matatu imejaa haisimami.

Sisi Wakenya tuko vizuri sana kwa mazishi. Joe Kadenge, yule mchezaji wa mpira wa zamani, ambaye mpaka leo hata mtoto ambaye hakuwa amezaliwa wakati wake akipiga chenga anaambiwa Kadenge na mpira, alikuja kuendesha teksi Nairobi, akapata kiharusi, akaugua miaka mingi bili zikisumbua familia, na alipofariki Julai 2019 wakubwa wote walikuwa na la kusema, magwiji, shujaa, hazina ya taifa. Na tuko vizuri pia siku ya kushinda. Agosti 2025 timu yetu ya mpira Harambee Stars wakicheza mashindano ya Afrika ya CHAN Rais aliahidi milioni moja kwa kila mchezaji kwa kila mechi wakishinda, na mimi nilishangilia na sahani mkononi. Mkimbiaji akirudi na medali anapewa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, pale uwanja wa ndege, kamera tele. Siku ya kushinda tuko, siku ya kuzika tuko. Hapo katikati ni kama miaka thelathini hivi na hio thelathini ndio inakuja kukaa kwa meza yangu ya nyuma.

Kwa hivyo ni jukumu la nani? Nitasema vile naona, na mimi si wakili.

Wengine watasema ni serikali. Majirani wetu Uganda wamekuwa na utaratibu wa kuwapa walioleta medali kitu kila mwezi, na ni vizuri, lakini hio ni ya wenye medali. Hapa Iten wenye medali unaweza kuwahesabu. Wale wengine mamia ni wa aina ya Kapteni, hakuna mahali jina lake limeandikwa isipokuwa kwa mitandao ya matokeo na kwa daftari langu. Alafu mimi nimeona serikali ikijenga uwanja wetu wa Kamariny. Waliuvunja ati wanatujengea wa kisasa, na miaka ikapita mbuzi wakikula pale ndani. Sasa hao niwape uzee wa Kapteni washike?

Wengine watasema familia. Familia ndio ilikula, hapo siwezi kubishana. Lakini familia zetu ukizijua, kaka aliyesomeshwa na mkimbiaji saa hii ana watoto wake watano, anamtumia mia tano kwa M-Pesa Krismasi, hana zaidi. Huwezi kujenga kitu juu ya hapo.

Mimi nasema jukumu la kwanza ni la wale walikuwa wanakula kwa miguu yake wakati miguu ilikuwa mizima. Meneja, kampuni ya viatu, waandaaji wa mbio, na chama cha riadha kinachompa barua ya kusafiri. Hawa si watu wabaya wote, kuna meneja hapa anajulikana kwa kulipia watoto wa wakimbiaji wake fii mpaka leo na hakuna mtu alimlazimisha. Lakini wema wa mtu mmoja ukitegemea siku hio ameamkaje si mpango.

Angalia kitu moja. Asilimia kumi na tano ya meneja inakatwa lini? Kabla. Kodi ya wazungu inakatwa lini? Kabla. Hakuna meneja hungoja mkimbiaji apokee, atulie, ashauriane na mjomba wake, alafu amkumbuke. Wanajua akishapokea imeenda. Kwa hivyo kukata kabla kunawezekana, na wanajua kukata vizuri sana. Basi ongezeni mkato mmoja. Kumi kwa mia ya kila zawadi na kila kontrakti iende kwa akaunti ya jina lake, hapo hapo, kabla ya Eldoret, kabla ya shemeji, na meneja kwa zile kumi na tano zake aongeze hata mbili kwa hio akaunti. Kusiwe na mtu anaweza kuifungua mpaka astaafu au aumie, hata yeye mwenyewe, na hasa yeye mwenyewe. Chama cha riadha kikatae kumpa meneja ruhusa ya kufanya kazi na Mkenya kama hajaonyesha risiti za hizo pesa kila mwaka. Na kwa kontrakti ya viatu kuwe na mstari kwamba akiumia akiwa kazini matibabu mpaka apone ni yao. Mfanyakazi wa kiwanda akikatwa kidole na mashine kuna sheria. Hiki kisigino kilikatikia wapi kama si kazini?

Nilipomwambia mwalimu mmoja ambaye hunywa chai kwangu alinicheka. Akasema Mama, hio pesa ni ya mtu mzima, ukimlazimisha kuweka unamfanya mtoto, yeye ni biashara kama wewe. Nikamwambia mwalimu, wewe pensheni yako uliwahi kuulizwa kama unataka? Wanakata tu, na ukiamka asubuhi payslipu inakuonyesha walichoacha. Akanyamaza akaongeza sukari.

Na nyinyi mnajua wale wakimbiaji ambao uzee wao hauna kelele? Walioajiriwa. Polisi, jeshi, Magereza. Kijana akichukuliwa na Magereza anakimbia, anapata mshahara, anapandishwa cheo, na mguu ukikataa anarudi ofisini au kwa geti na siku ya kustaafu kuna pensheni. Kipchoge Keino mwenyewe, yule bingwa wetu wa Olimpiki wa zamani, alikuwa polisi. Alipomaliza alikuwa na kazi, akawa na shamba, yeye na mkewe wakalea mayatima Eldoret, akajenga shule. Watu husema ni kwa sababu alikuwa na akili. Alikuwa nayo, sibishi, lakini pia alikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi na hio husaidia akili sana. Hawa vijana wangu wanaruka kutoka shule moja kwa moja hadi kwa kampi ya meneja, hakuna mwajiri, hakuna NSSF ya akiba ya uzee, hio SHA yenyewe ya bima ya matibabu nusu yao hawajajiandikisha.

Narudi kwa mama mboga, manake huyo mwandishi alimtaja kama fimbo ya kutuchapa. Mama mboga namjua, ananiuzia managu kila siku, na ningependa kumwambia huyo ndugu kwamba mama mboga ako na chama. Sisi wanawake kumi na wanane hapa mjini tunakutana kila Jumamosi ya pili, mia tano tano, kuna karani, kuna kitabu, ukichelewa faini ni hamsini, ukikosa bila sababu mia mbili. Tumenunuliana matangi ya maji, tumesomesha, mwaka jana mwenzetu alilazwa na kabla ya jioni pesa ilikuwa kwa keshia wa hospitali. Na usifikiri sisi tuna nidhamu. Hakuna hata mmoja wetu ana nidhamu, ndio maana kuna faini. Mama mboga anajua akikaa na hio mia tano nyumbani itakuwa unga, kwa hivyo anawapa wengine wamshikie. Mkimbiaji ako peke yake na milioni mbili na simu inalia. Sasa hapo nani amepangwa vizuri?

Alafu mama mboga akiwa na miaka thelathini na tano ndio biashara inashika. Mkimbiaji kwa hio miaka ameshamaliza, na kitu alichojifunza kufanya duniani ni kimoja.

Kuna sehemu ya lawama yake Kapteni pia, sitaki kumfanya malaika. Kapteni angeweza kwenda kwa ofisi ya ardhi mwenyewe, ndege ilikuwa inarudi Kenya kila Novemba. Angeweza kumwambia mchungaji hapana. Siku moja alinikasirisha, nilimpa kazi ya kubeba maji na kupasua kuni nikasema nitamlipa, akafanya siku tatu, ya nne akaja amelewa asubuhi akamwaga sufuria ya maziwa lita kumi. Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuandika kwa gazeti. Wiki mbili hakuja, nikawa naangalia ile meza ya nyuma. Aliporudi alileta kuni, mzigo mkubwa amebeba kwa mgongo na huo mguu, akaweka kwa mlango na hakuingia mpaka nikamuita.

Chama cha riadha nikiwauliza watasema wanafanya semina. Ni kweli, niliwahi kupika chakula cha semina moja, watu wa benki walikuja na suti wakaonyesha picha kwa ukuta kuhusu uwekezaji, wakimbiaji wakala kuku wakaenda. Semina ni nzuri kwangu mimi muuza kuku. Kile nataka kujua ni kwa nini kontrakti ya kijana wa miaka kumi na tisa iko kwa Kiingereza cha mawakili na anaweka sahihi kwa boneti ya gari saa mbili usiku. Hapo ndipo pesa ya uzee inapotelea, mapema hivyo.

Alhamisi iliyopita baada ya fatleki aliingia mmoja wa hao, mrefu, jasho bado, na bahasha ya kaki ndani ya tisheti asiichafue. Meneja alikuwa amempa kontrakti asome arudishe jioni. Alizunguka na hio bahasha meza tatu, wenzake wakamtania, hakuna mtu alijua kusoma hio Kiingereza, mwishowe nikamuonyesha meza ya nyuma. Kapteni akajifuta mikono kwa ile jaketi kwanza. Akasoma karatasi kumi na moja zote, polepole, midomo ikicheza, chai ikapoa. Kisha akaweka kidole mahali akamwambia kijana, hapa, uliza hapa, ukiumia ni nini. Kijana akacheka, akasema mzee mimi siumiagi. Kapteni hakubishana, alimwambia tu aulize, na aandikiwe, asiambiwe kwa mdomo.

Kijana akasimama, akatoa noti ya mia, akasema Mama toa ya kwangu na ya mzee. Nikafungua daftari nikaandika kwa jina la Kapteni, chai, imelipwa. Kwa ukurasa huo bado kuna arobaini na sita hazijalipwa, na sijui bili nimpelekee nani.

Mama wa hoteli,
Iten, Elgeyo Marakwet.